Kifaransa cha mtihani hakinunui mkate Bukavu

Mombasa haijapata kuwa mji wa watu wa kukaa kitako. Tangu enzi za majahazi ya Bandari ya Kale hadi zama hizi za makontena ya Kilindini, kisiwa hiki kimeishi kwa kupokea wageni na kwa kutoa wasafiri. Habari za wageni tumezizungumza mno. Kila msimu huandikwa makala na hutolewa hotuba juu ya namna ya kumpokea mtalii, namna ya kumpitisha Ngome ya Yesu na Ndia Kuu, na maneno gani ya Kijerumani au ya Kiitaliano yatamfanya aufungue mkoba wake. Lakini habari za wasafiri wetu wenyewe hazina msemaji.

Wasafiri hao ni akina nani? Ni madereva na matandiboi wa malori yanayopakia Kilindini na kuteremsha Bujumbura, Goma na Bukavu. Ni wachuuzi wa nguo na vyombo waendao Moroni na Mutsamudu. Ni vijana wanaotafuta kazi na masomo katika nchi ambazo karatasi za serikali huandikwa kwa Kifaransa. Idadi yao haipungui, hasa baada ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Wote hao, wapende wasipende, siku ya kwanza watakabiliwa na mambo mawili: lugha wasiyoizoea na fedha wasiyoizoea. Na kwa mambo hayo mawili shule zetu hazijawaandaa, ijapokuwa Kifaransa kinafundishwa katika shule kadhaa za sekondari na kutahiniwa kila mwaka.

Nadai katika makala haya kwamba lugha na fedha ni somo moja, na kwamba tumekosea kuyatenganisha. Mwanafunzi wetu anaweza kunyambua kitenzi cha Kifaransa katika nyakati sita, akapata alama ya juu, kisha akashindwa kuelewa bei ya mkate. Huyo hajafunzwa lugha. Amefunzwa mtihani.

Hebu tuanze na nadharia kidogo, kwa kuwa wasomaji wa safu hii wengi ni walimu na wanafunzi. Ferdinand de Saussure, mwanaisimu wa Geneva ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1916 baada ya kufa kwake, alipotaka kueleza thamani ya neno alichukua mfano wa sarafu ya faranga tano. Sarafu hiyo, alieleza, hujulikana thamani yake kwa njia mbili: kwa kubadilishwa na kitu kisichofanana nayo, kama mkate, na kwa kulinganishwa na vitu vinavyofanana nayo, kama sarafu ya faranga moja au sarafu ya nchi nyingine. Neno nalo ni vivyo hivyo. Hubadilishwa na wazo, na hulinganishwa na maneno mengine yaliyo jirani yake katika lugha ileile. Mzungumzaji wa Kiswahili ana neno moja, mkono, kwa kitu ambacho Mfaransa amekigawa maneno mawili, moja la kuanzia begani na jingine la kiganja. Kwa hiyo anayetafsiri neno kwa neno ni sawa na anayefika nchi ya watu na kuhesabu noti bila ya kuuliza kila moja inanunua nini.

Babu zetu waliifahamu kanuni hiyo bila ya kuisoma Geneva. Tazama maneno ya fedha tunayoyatumia kila siku. Fedha yenyewe ni neno la Kiarabu lenye maana ya madini yale meupe. Pesa ilitoka Bara Hindi, pamoja na rupia. Riale lilitoka Ulaya ya kusini, na kwa muda mrefu liliitambulisha pwani hii kwa sarafu nzito ya fedha yenye sura ya malkia Maria Theresa na mwaka 1780. Thumuni, jina ambalo wazee wetu waliliita senti hamsini, kwa Kiarabu ni sehemu ya nane. Hela ni Heller ya Wajerumani, waliyoiingiza katika koloni lao mwaka 1904. Dala ilikuwa shilingi tano kwa ndugu zetu wa Tanzania, nayo ikazaa daladala. Mwaka 1888 Kampuni ya Waingereza ya Afrika ya Mashariki ilitengeneza hata sarafu zilizoandikwa jina la Mombasa. Kisha ikaja shilingi ya Afrika Mashariki mwaka 1921, na shilingi yetu wenyewe mwaka 1966.

Katika orodha hiyo hakuna sarafu iliyofika peke yake bila ya neno lake. Mfanyabiashara wa Mji wa Kale alijifunza neno na thamani kwa pamoja, siku moja, mahali pamoja, mbele ya mzigo mmoja. Na pale alipokosea, alilipa. Hiyo ndiyo shule iliyotufanya watu wa pwani tuwe wakalimani wa bahari nzima ya Hindi. Swali ni je, kwa nini leo, tukiwa na madarasa na walimu wenye shahada, tunawapeleka vijana wetu Bukavu wakiwa na ujuzi mdogo kuliko ule wa nahodha asiyejua kusoma?

Tuiangalie sasa hesabu ya Kifaransa, maana hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Mwanafunzi wetu hufundishwa Kifaransa cha Ufaransa. Katika Kifaransa hicho, sabini ni «soixante-dix», yaani sitini na kumi. Themanini ni «quatre-vingts», yaani ishirini nne. Tisini ni «quatre-vingt-dix», yaani ishirini nne na kumi. Anayesikia faranga elfu sabini na tano, «soixante-quinze mille», kwanza atasikia sitini. Akiwa na papara ataanza kuhesabu noti za elfu sitini, kisha atasikia kumi na tano, achanganyikiwe. Mwenye duka amekwisha kumtambua kuwa ni mgeni.

Basi na asafiri kijana huyo, akiwa ameyahifadhi yote hayo barabara, mpaka Bukavu au Bujumbura. Huko hatasikia «soixante-dix». Atasikia «septante». Hatasikia «quatre-vingt-dix». Atasikia «nonante». Sababu ni kwamba nchi hizo zilitawaliwa na Wabelgiji, na Wabelgiji walibaki na majina mepesi ya sabini na tisini ambayo Wafaransa waliyaacha. Lakini themanini Wabelgiji huiita «quatre-vingts» kama Wafaransa, kwa hiyo asije msafiri akabuni mwenyewe jina jepesi la themanini akidhani kanuni ni moja. Akienda Moroni au Antananarivo, ambako Kifaransa kilitoka Paris moja kwa moja, atarudia sitini na kumi yake. Ni maneno mawili tu, «septante» na «nonante». Yanafundishika kwa dakika tano. Hata hivyo ni nadra kumkuta mwanafunzi wa Kifaransa katika mkoa huu aliyewahi kuyasikia darasani, ilhali nchi za Kifaransa zilizo jirani yetu kwa barabara, yaani Rwanda, Burundi na Kongo, ndizo zenye kuyatumia.

Maandishi nayo yana mitego yake. Kwetu, mkato hutenga maelfu: 1,500 ni elfu moja na mia tano. Kwa Mfaransa na kwa aliyesomeshwa kwa Kifaransa, mkato hutenga sehemu ya kumi: 1,500 ni moja na nusu. Maelfu yeye huyatenga kwa nukta au kwa nafasi tupu. Tarakimu ya 1 iliyoandikwa kwa mkono wa Kifaransa ina mkia mrefu juu, nayo humdanganya Mkenya akadhani ni 7. Na 7 yao huwa na kistari katikati. Neno «billion» kwao si bilioni yetu. Ni milioni iliyozidishwa kwa milioni. Bilioni yetu wao huiita «milliard». Saa nazo huhesabiwa hadi ishirini na nne, kwa hiyo basi linaloondoka «dix-huit heures» linaondoka saa kumi na mbili ya jioni kwa hesabu yetu. Tena Kigali, Bujumbura na Goma ziko nyuma ya Mombasa kwa saa nzima, ilhali Moroni iko sawa nasi.

Baada ya hesabu, tuje kwenye neno lenyewe: faranga. Msafiri husikia faranga Rwanda, faranga Burundi, faranga Kongo, faranga Komoro, akadhani ni ndugu. Si ndugu, ni majina yaliyofanana. Rwanda na Burundi zilikuwa na faranga moja mpaka mwaka 1964, kisha kila moja ikashika njia yake. Kongo iliiacha faranga mwaka 1967, ikawa na zaire na makuta, kisha ikairudia faranga mwaka 1998. Faranga ya Komoro ilifungwa na faranga ya Ufaransa: hamsini kwa moja mpaka Januari 1994, kisha sabini na tano kwa moja. Aliyelala na faranga 5,000 za Komoro zenye thamani ya faranga 100 za Ufaransa aliamka akiwa na thamani ya 66 na ushei. Tangu mwaka 1999 imefungwa na euro, kwa faranga 491.96775 kwa euro moja. Ndiyo maana aendaye Ngazija afadhali achukue euro kuliko dola, kwa kuwa euro thamani yake huko inajulikana na mtoto wa shule, wala haihitaji dalali wa kuifasiri.

Madagaska ilikuwa na mtego wa peke yake. Serikali ilihesabu kwa faranga, lakini watu sokoni walihesabu kwa ariary, na ariary moja ilikuwa faranga tano. Aliyeambiwa elfu mbili bila ya kuuliza ni elfu mbili za nini aliweza kulipa moja ya tano ya bei au mara tano ya bei. Serikali hatimaye iliwafuata watu, na tangu mwaka 2005 ariary ndiyo fedha halali. Neno ariary lenyewe ni riale yetu ileile iliyovaa kilemba cha Kimalagasi.

Kongo, kwa upande wake, ilifunza ulimwengu mzima kwamba fedha ni maneno ya kuaminiana. Mwanzoni mwa mwaka 1993, Rais Mobutu alipotoa noti ya zaire milioni 5, hasimu wake Tshisekedi aliitangaza kuwa si halali. Wachuuzi wa Kinshasa wakaikataa. Wanajeshi waliolipwa kwa noti hizo, walipokataliwa madukani, wakafanya ghasia na uporaji, na watu wengi wakafa. Mwaka huohuo ikaletwa zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani, na mkoa wa Kasai ya Mashariki ukakataa kuitumia. Noti ni karatasi. Jina lililoandikwa juu yake ndilo linaloaminiwa au lisiloaminiwa. Desturi ya Wakongo ya kuhesabu vitu vikubwa kwa dola, na ya kuikataa dola iliyochanika hata kidogo, imetokana na historia kama hiyo, si na maringo. Basi msafiri aendaye huko azikague noti zake kabla ya kuondoka Mombasa, azichague zilizo safi na zisizokunjwa, wala asiwaone watu wakaidi.

Mpaka hapa nimezungumza juu ya Kifaransa. Lakini dereva wa Mombasa akifika Kivu hatazungumza Kifaransa kwanza. Atazungumza Kiswahili, maana mashariki ya Kongo ni nchi ya Kiswahili. Hapo ndipo penye hatari kubwa zaidi, kwa kuwa lugha ngeni hutufanya tuwe macho, lakini lugha yetu wenyewe hutulaza usingizi.

Chukua kitenzi kuuza. Mombasa, mwenye kuuza ndiye mwenye mali, na mwenye kununua ndiye mwenye fedha. Katika Kiswahili cha Kongo, na hasa kile cha Lubumbashi, kuuza ni kununua; na kuuza kwa maana yetu huitwa kuuzisha. Tafakari, msomaji, hatari iliyomo katika neno hilo moja. Mtu wa Kibokoni na mtu wa Kongo wanaweza kukaa kivulini, wakanywa chai, wakakubaliana kwa Kiswahili fasaha kila mmoja kwa ufasaha wake kwamba fulani atauza magunia mia, na kila mmoja akaondoka akiamini kuwa mali itatoka kwa mwenzake.

Mara nyingi watu wetu wakisikia habari hiyo hucheka, wakasema Wakongo wameharibu Kiswahili. Hao wacheke baada ya kusikia historia yake. Katika lugha nyingi za Kibantu kununua ni kugula au neno la asili hiyohiyo: Waganda husema kugula, Wagiriama husema kugula, Wakikuyu husema kũgũra. Kuuza ni kitenzi kilichonyambuliwa kutokana na hicho, maana yake ya kwanza ikiwa kumfanya mtu anunue, na ndiyo maana Mgiriama husema kuguza. Kiswahili cha pwani kilibaki na mtoto, uza, kikampoteza mzazi, na mahali pake kikamweka nunua. Wakongo waliona hakuna jozi. Wakamchukua uza wakamfanya mzazi, kisha wakamzalisha upya kwa kiambishi kilekile tunachokitumia sote: uzisha. Kanuni waliyoifuata ni ya Kiswahili, na ina nidhamu yake. Kinachotakiwa kwa msafiri ni kuijua, si kuihukumu. Na tahadhari yenyewe ni nyepesi: katika biashara usitumie kitenzi pekee. Taja nani anatoa mali na nani anatoa fedha.

Tukivuka bahari tukaenda Komoro, tunakutana na kosa la pili la majivuno yetu. Wengi hapa hudhani kwamba Kingazija ni Kiswahili kilichopinda. Wanaisimu Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kitabu chao cha mwaka 1993, walieleza kwa urefu kwamba Kiswahili, lugha za Komoro, Kimijikenda, Kipokomo na Kielwana ni ndugu wa tumbo moja, kundi walililoliita Sabaki kwa jina la mto wetu. Ndugu hana deni la kufanana na ndugu yake.

Ushahidi uko katika hesabu. Tulipokuwa tukihesabu sisi Waswahili, tulizitupa sita, saba na tisa zetu za asili tukachukua za Kiarabu. Zimebaki kumbukumbu tu: kenda, ambayo wazee bado huitumia kwa tisa, na fungate, siku saba za maarusi, ambazo wengi hawajui tena kuwa ni hesabu. Wangazija hawakuzitupa. Kwao tatu ni ndraru, tano ni ntsanu, sita ni ndradaru, saba ni mfukare, tisa ni shenda. Sasa muulize mtoto wa Kigiriama anayesoma darasa moja na mwanao. Atakuambia tahu, tsano, handahu, fungahe, chenda. Kaweke majina hayo sambamba na yale ya Ngazija. Mtoto wa Ganze, ambaye shuleni huchekwa kwa lafudhi yake, anakaribia soko la Moroni kuliko mtoto wa Mji wa Kale anayejidai kuwa Kiswahili chake ndicho safi.

Jambo hilo walimu wenzangu walizingatie sana. Tumewafundisha watoto kuona haya kwa lugha za nyumbani kwao, kumbe tulikuwa tunawanyang'anya mtaji. Lugha ya mama ni akiba, na akiba haitupwi kwa sababu haimo katika mtihani.

Kuna na adabu pia. Mngazija akikuambia marahaba, hajakuitikia shikamoo uliyosahau kumpa, anakushukuru. Mkongo humwita mtu mzima papa au mama kwa heshima, na mwenye kusema Kifaransa huona ni utovu wa adabu kuulizwa bei kabla ya kusalimiwa. Katika hilo la mwisho hatuna la kujifunza ugenini, ila kukumbuka ya kwetu, maana Mswahili wa kale hakujua kuingia duka la mtu na kuanza na «hii ni kiasi gani».

Nayajua majibu ya wapinzani wa hoja hii. Wa kwanza watasema kwamba siku hizi simu hufasiri lugha na hubadili fedha, na kila muuza duka ana kikokotoo cha kuonyesha bei. Ni kweli, na mwenye simu aitumie. Lakini simu hukuonyesha bei ya benki, haikuonyeshi bei ya mtaani, wala haikuambii kwamba kati ya bei hizo mbili kuna sheria inayoweza kukufunga. Tena simu na benki vina siku zake. Goma ilipotekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, mabenki yalifunga milango, na waliokuwa na fedha zao humo hawakuweza kuzitoa. Siku kama hiyo kilichobaki kwa mgeni ni noti alizozificha na maneno anayoyajua.

Wa pili watasema kwamba Kiingereza kinatosha, kwani hata Rwanda iligeuza masomo yake kuwa kwa Kiingereza tangu mwaka 2008. Hao hawajasimama katika kizuizi cha barabarani wakapewa karatasi ya ushuru iliyoandikwa kwa Kifaransa, wakatakiwa watie saini. Asiyejua kusoma tarakimu na maneno yanayoizunguka hutafuta mtu wa kumsomea. Na yule amsomeaye hasomi bure. Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili zima. Ugenini mtu asiyejua hesabu ya wenyeji hawi huru. Huwa mali ya dalali. Dalali humfasiria bei, humbadilishia fedha, humwandikia risiti, na katika kila hatua hukata chake. Dereva anayeondoka Kilindini na posho ya safari, akaibakisha mikononi mwa madalali, hurudi nyumbani mikono mitupu. Hasara hiyo huonekana jikoni kwake Changamwe, na katika karo ya watoto wake. Si hasara ya sarufi.

Wa tatu watasema mtaala umejaa. Mimi siombi somo jipya. Naomba mambo manne ndani ya masomo yaliyopo.

La kwanza, mwalimu wa Kifaransa awe na imla ya tarakimu kila juma. Ataje bei kumi kwa sauti, kwa mwendo wa sokoni, si kwa mwendo wa mtihani, nao wanafunzi waziandike. Leo ataje kwa Kifaransa cha Paris, kesho kwa «septante» na «nonante». Baada ya muhula mmoja hatabaki mwanafunzi wa kubabaishwa na elfu sabini na tano.

La pili, mwalimu wa hisabati achukue bei za Marikiti, za mchele, mafuta na khanga, awaambie wanafunzi wazigeuze kuwa faranga za nchi tatu kwa viwango vya juma hilo vilivyotangazwa na benki, kisha wakadirie bila ya kalamu. Kukadiria kichwani ndiyo silaha ya msafiri. Anayejua kwa kukadiria kwamba bei haiwezi kuzidi kiasi fulani hatatapeliwa kwa mbali, hata akikosea senti.

La tatu, mwalimu wa Kiswahili afundishe lahaja na lugha ndugu kama elimu, si kama orodha ya makosa. Padre Charles Sacleux, Mfaransa, alichapisha mwaka 1939 kamusi ya Kiswahili na Kifaransa ambamo Kimvita, Kiamu, Kiunguja na lahaja nyinginezo zimeandikwa kwa heshima kila moja na mahali pake. Iwapo mgeni aliona kuwa kila lahaja inastahili kuandikwa, sisi wenyewe tuna udhuru gani? Na mtoto wa Kigiriama, wa Kiduruma au wa Kipokomo aliyemo darasani aitwe mbele ahesabu kwa lugha yake, wenziwe wasikilize, na mwalimu aonyeshe njia itokayo hapo hadi Ngazija.

La nne ni la wanafunzi wenyewe. Mnao wazee mitaani waliokwenda Moroni kwa jahazi, na mnao madereva wanaolala Bujumbura mara mbili kwa mwezi. Waulizeni. Andikeni maneno waliyoyahitaji siku ya kwanza, si yale ya kitabuni. Kila shule iweke daftari moja la maneno hayo, lenye bei, salamu, majina ya noti, na maneno yanayodanganya kama kuuza. Daftari hilo likinakiliwa na kupewa kijana anayepanda lori kwa mara ya kwanza, litamfaa kuliko cheti chake.

Wala asije mtu akasema nafanya lugha kuwa bidhaa. Lugha ni zaidi ya soko, na mwenye kujifunza Kifaransa asome pia washairi wake na wanafalsafa wake. Lakini lango la nyumba hiyo, kwa mtu wa kwetu, limekuwa siku zote ni sokoni. Waarabu, Wahindi, Wareno na Waingereza tuliwajua kwanza kwa mizani na sarafu, kisha ndipo tukazisoma fikra zao, tukazikubali nyingine na kuzikataa nyingine. Anayeibiwa mlangoni hana moyo wa kuingia ndani kutazama vitabu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi tuongeze kwamba daftari lisilosomeka na mwenye mali ni sawa na kutokuwapo. Muhula ujao unapoanza, mwalimu wa Kifaransa aingie darasani, kabla hajafungua ukurasa wa vitenzi, atamke bei moja tu, «nonante-sept mille», na ahesabu ni wanafunzi wangapi wameandika 97,000. Idadi atakayoipata itamwambia kazi yake ianzie wapi.